Kabla ya kununua mashine mpya, jua boti yako imebeba nini

Msomaji ameniandikia hivi: "Mtaalamu, nimenunua boti ya faiba iliyotumika, urefu futi 19, upana wa tezi (ukuta wa nyuma) futi 7. Ilitoka kiwandani na mashine ya ndani yenye mguu wa nje. Mwenyewe wa kwanza aliitoa mashine hiyo, akaziba tundu la tezi, akafunga breketi ya chuma inayotokeza nyuma sentimita 75, akatundika mashine ya nje ya mipigo miwili, farasi 115. Baadaye sakafu iliinuliwa sentimita 20, chini yake ikamiminwa povu, kisha kikajengwa kibanda cha plaiwudi. Sasa boti inakalia tako, omo (sehemu ya mbele) iko juu, na haikubali kupanda juu ya maji mpaka watu wawili wasogee mbele. Mashine nayo imekufa. Nafikiria kufunga ya mipigo minne, farasi 150. Itafaa? Na nianzie wapi?"

Ndugu yangu, kwa hali uliyoieleza, 150 haitafaa. Nakuomba usinunue mashine yoyote kwa sasa, hata ukiipata kwa bei ya kutupa. Boti yako haijalemewa kwa sababu mashine ilikuwa ndogo. Farasi 115 wanatosha kabisa kuiondoa boti ya futi 19 majini. Ikiwa walishindwa, kuna kitu kinaivuta boti chini, na mashine mpya itakwenda kukivuta kitu hichohicho.

Boti iliyofanyiwa marekebisho mengi huwa naisoma kinyumenyume, kuanzia rekebisho la mwisho. Kila fundi aliyeigusa alikuwa anatibu ugonjwa ulioachwa na aliyemtangulia. Sakafu kwa nini iliinuliwa? Mara nyingi ni kwa sababu maji yalianza kusimama juu ya sakafu ya zamani, maana boti ilishaanza kuzama tezi. Povu kwa nini lilimiminwa? Ili ielee zaidi. Na tezi ilianza kuzama kwa nini? Hapo ndipo penye jibu, na haliko kwenye mashine.

Tuanze na hesabu, maana wengi huilaumu breketi moja kwa moja. Boti ikielea, ina mahali pa katikati inapobebwa na maji. Kwa boti ya umbo hili, tukadirie kuwa ni mita 2.2 mbele ya tezi. Mashine ya ndani ya aina ile, pamoja na mguu wake, ina uzito wa kilo 300 hadi 400. Chukua 350. Uzito wake mkubwa ulikaa ndani, tuseme sentimita 60 mbele ya tezi, yaani mita 1.6 nyuma ya mahali pale pa katikati. Zidisha kilo kwa mita, unapata 560, ndiyo nguvu inayoivuta tezi chini. Mashine ya mipigo miwili ya farasi 115 ina kilo kama 160, nayo juu ya breketi ilining'inia karibu mita moja nyuma ya tezi, yaani mita 3.2 kutoka katikati. Hiyo ni 512, na ukiongeza chuma cha breketi chenyewe unafika kama 600. Kwa hiyo breketi iliongeza mzigo wa nyuma kidogo tu. Peke yake haiwezi kuikalisha boti tako namna unayoeleza. Lakini ukiweka ya mipigo minne ya farasi 150, yenye kilo 200 hadi 220, hesabu inaruka mpaka karibu 780. Ni zaidi ya kumsimamisha mtu wa kilo 75 kwenye kona ya tezi na kumwambia asiondoke hapo maisha yake yote.

Sasa tazama povu. Sakafu imeinuliwa sentimita 20. Tukichukulia eneo la mita 3 kwa mita 1.5, hapo kuna karibu mita 0.9 za ujazo. Povu zuri la kuelea, likiwa kavu, lina kilo 32 hivi kwa mita moja ya ujazo, kwa hiyo lote halifiki hata kilo 30. Huo si uzito wa kukupa shida. Lakini povu lililomiminwa chini ya sakafu isiyo na njia ya kutolea maji halibaki kavu. Maji hupita kwenye tundu la skrubu, kwenye ufa wa kona, kwenye mguu wa kiti, na yakishaingia hayana pa kutokea. Likinywa thuluthi moja tu ya ujazo wake, umebeba kilo 300 za maji usizoziona, na kwa kuwa tezi ndiyo iko chini, mengi hukusanyika huko nyuma. Huyo ndiye mshukiwa wangu wa kwanza.

Uone kilo 300 zina maana gani kwenye mwendo. Boti inayoteleza juu ya maji, kasi yake hufuata kipeuo cha pili (mzizi wa mraba) cha nguvu iliyogawanywa kwa uzito. Mafundi huiita kanuni ya Crouch. Boti ya kilo 1500 pamoja na watu na mafuta, yenye farasi 115, kanuni hiyo huipa kama kilomita 54 kwa saa. Weka 150 bila kugusa uzito, unapata 62. Bakia na 115 lakini toa kilo 300 za maji, unapata 60. Karibu faida yote ya mashine kubwa unaipata kwa kisu, sepeto na mikono yako miwili, na boti inabaki nyepesi, inanyanyuka mapema, inakunywa mafuta machache.

Pengine umeshasikia kwamba kanuni za Marekani kwa boti za mashine ya nje zisizofika futi 20 zina hesabu yake: urefu mara upana wa tezi, mara mbili, toa 90, mradi usukani uwe wa mbali na tezi iwe na kimo cha inchi 20 au zaidi. Kwako ni 19 mara 7, sawa na 133. Mara mbili ni 266. Toa 90 unabaki na 176. Ukiishia hapo utasema 150 inaruhusiwa. Lakini hesabu hiyo inachukulia boti nzima, tezi yenye afya, na uzito alioukusudia aliyeichora. Boti yako haijathibitisha hata kimoja kati ya hivyo vitatu.

Basi anzia kwenye mizani. Peleka boti na trela kwenye mizani ya magari, pima, kisha ishushe majini urudi upime trela tupu. Tofauti ndiyo uzito wa boti. Ukijua ni modeli gani, utaulinganisha na uzito wa kiwandani. Tafuta namba ya utambulisho kwenye tezi, upande wa kulia ukitazama omo, karibu na ukingo wa juu. Zilizotengenezwa kwa soko la Marekani tangu mwishoni mwa 1972 zina herufi na tarakimu 12, na kwa mfumo uliokuja 1984, tarakimu mbili za mwisho ni mwaka wa modeli. Kama namba imefunikwa na faiba ya kiraka, kwangu hiyo ni habari tosha: aliyefanya kazi ile hakujali.

Halafu keekee (drili). Chukua biti ya milimita 5, izungushie utepe ili isizame zaidi ya sentimita 4, toboa ukuta wa tezi kutokea ndani, chini kabisa karibu na ngama, mle maji yanapotuama, usitoke upande wa pili. Toboa pengine pembeni ya kile kiraka cha tundu la zamani, na pengine karibu na bolti za breketi. Tazama kinachotoka kwenye biti. Vumbi la mbao jeupe, kavu, linalopeperuka, ni heri. Uji wa kahawia unaoganda kwenye biti ni mbao iliyooza. Kuna boti niliwahi kuitoboa asubuhi, tundu moja tu, upande wa kushoto wa mkuku, ule uti wa chini wa boti. Lilianza kutoa tone, tone, maji ya rangi ya chai ya rangi, yenye harufu ya siki na majani yaliyovunda. Niliweka kopo chini yake. Jioni likajaa, nikalimwaga, kesho yake likajaa tena. Kwa nje ukuta ule ulikuwa unang'aa, umepakwa rangi mpya. Ndani plaiwudi ilikuwa imegeuka kitu unachoweza kukichota kwa kijiko.

Kabla ya kutoa mashine iliyokufa, itumie kwa jaribio jingine. Iinue, shika sehemu ya chini ya mguu wake, ibonyeze chini kwa uzito wa mwili, mwenzako akitazama mahali breketi inapokutana na tezi. Ukuta mzima haupumui hata kidogo. Ukiona faiba inajipinda, au ufa mdogo unafunguka na kufunga kama mdomo wa samaki, usiende tena majini na boti hiyo.

Nasisitiza ukuta huu kwa sababu wako ulibadilishiwa kazi bila kuulizwa. Tezi ya mashine ya ndani ilitengenezwa nene, milimita 51 hadi 57, lakini uzito wa mashine ulilala kwenye mihimili ya chini, na ukuta ulishikilia mguu tu. Mashine ya nje inafanya kinyume: bolti za juu zinauvuta ukuta kuelekea nyuma, sehemu ya chini inausukuma ndani, na breketi ya sentimita 75 inazidisha mvutano huo kama mtu anayeng'oa msumari kwa mtaimbo mrefu. Zaidi ya hapo, katikati ya ukuta kuna tundu kubwa lililozibwa. Kama kiziba ni kipande cha plaiwudi kilichochongwa kikaingia, kikapakwa puti na kuwekewa tabaka mbili za faiba juu, basi mashine imetundikwa kwenye dirisha lililofungwa kwa bango.

Nikiipata tezi ya namna hiyo, siipigi kiraka. Naifungua kwa ndani, naacha ngozi ya nje ya faiba kama kalibu, nautoa ubao wote uliooza, nasaga mpaka kwenye faiba safi. Mahali pa tundu la zamani nasaga mteremko wa 12 kwa 1, yaani kama ngozi ina milimita 6, mteremko uwe na sentimita 7 hivi kuzunguka tundu lote, ili nyuzi mpya zishikane na za zamani kwa eneo pana. Kisha plaiwudi ya baharini, ile yenye alama ya BS 1088, tabaka tatu za milimita 18 zilizogundishwa kwa epoksi, kingo zote zimenyweshwa epoksi kabla ya kuingia. Halafu magoti: vipande vya pembetatu vinavyofunga ukuta kwenye mihimili ya chini, kushoto na kulia. Bila magoti, ukuta hata ukiwa mpya utabaki kuwa mlango usio na bawaba.

Watu huniuliza epoksi au poliesta. Boti nzima ilijengwa kwa poliesta, na hakuna ubaya. Lakini poliesta mpya juu ya faiba iliyokwisha kukauka miaka mingi hushika kwa mikwaruzo ya msasa tu, ilhali epoksi inang'ang'ania zaidi, na inashika mbao vizuri zaidi. Kwa tezi na mihimili mimi natumia epoksi. Ila ukitumia epoksi, nunua faiba ya kufumwa au ya kushonwa. Ule mkeka wa nyuzi fupi zilizomwagwa ovyo una gundi inayoyeyushwa na kemikali iliyomo kwenye poliesta. Kwenye epoksi hailainiki, na utabaki na mkeka mgumu uliojaa hewa.

Hapa nikutahadharishe kwa moyo wote. Vumbi la faiba lisiguse mapafu yako: vaa barakoa yenye vichujio vya kweli, si kitambaa. Na kama utatumia poliesta, kigumishi chake, kile kimiminika cheupe kama maji kinachowekwa asilimia 1 hadi 2, tone moja likiruka jichoni linaweza kukupofusha. Miwani ivaliwe kabla ya kufungua chupa.

Sasa sakafu. Kabla hujaikata, boti ilazwe kwenye vigogo imara vinavyoshika mkuku na mbavu zake, isawazishwe kwa pimamaji. Ukiitoa sakafu na mihimili ikiwa imeoza huku boti imekaa kwenye roli mbili za trela, chini yake itabonyea, na ukifunga sakafu mpya umeifungia kasoro hiyo humo milele. Kata kipande kwa kipande. Chukua bonge la povu lililo nyuma kabisa, likamue. Ukiona maji yanachuruzika vidoleni, usijaribu kulikausha. Toa lote.

Sakafu ikiwa wazi, kagua mihimili kwa keekee ileile. Kisha pita chini ya boti na ubao mrefu ulionyooka, uuweke kutoka tezi kwenda mbele mita moja na nusu. Chini iwe imenyooka. Ukiona mwanga katikati, pamebonyea kuelekea juu, boti itazamisha omo ikikimbia. Ukiona ubao unabembea, pamevimba, nayo itarukaruka kama pomboo. Ubonyefu wa namna hii mara nyingi huzaliwa na mihimili iliyooza, na huu ndio wakati wa kuusahihisha, kwa kusukuma polepole kwa jeki na vigogo kabla ya kuweka mihimili mipya.

Sakafu mpya irudishe kwenye kimo chake cha kwanza. Ile sentimita 20 imepandisha watu na mizigo yote juu, na ukingo wa boti, uliokuwa unafika kiunoni, sasa uko karibu na magoti. Mtu akiyumba hapo anatoka nje. Kibanda cha plaiwudi nacho, mimi ningekitoa bila kusita. Kabla ya kukitoa, boti ikiwa majini pasipo na mawimbi, isukume ubavuni iyumbe, hesabu sekunde za kuyumba mara tano. Kitoe, rudia. Muda ukipungua, boti imekuwa imara zaidi, inarudi wima upesi. Ukitaka kivuli, turubai juu ya mabomba mepesi linatosha.

Tangi la mafuta lililozungukwa na povu bichi, kama ni la alumini, litoe hata kama halivuji. Upande wa chini huliwa pasipoonekana. Mpira wa mafuta uwe na alama ya ISO 7840 au A1, si mpira wa gari. Waya ziwe za shaba iliyopakwa bati, kila mstari na fyuzi yake karibu na betri, na hakuna kusokota waya na kufunga utepe. Mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa, unatuama ngamani, na cheche moja inatosha.

Ukimaliza hayo, bado usinunue mashine. Chukua mifuko ya mchanga yenye uzito wa mashine unayoifikiria, ipime kweli kwa mizani, itundike kwenye breketi. Weka betri na mafuta mahali pake, watu wakae wanapokaa, boti ielee kwenye maji yaliyotulia. Piga alama ya maji kwa kalamu ya nta. Rudia mifuko ikiwa kwenye ukuta wenyewe, bila breketi. Kwa asubuhi moja utajua kila kitu ambacho mwenyewe wa kwanza alikigundua kwa kutumia mashine nzima. Niliwahi kufunga mashine mpya kwenye boti bila kufanya hivi, na wiki hiyohiyo ilibidi niishushe, kwa sababu maji yalikuwa yanaingia kwa matundu ya kutolea maji kila boti iliposimama. Tangu siku hiyo mifuko ya mchanga haikosekani kwenye banda langu.

Mimi ningeitoa breketi. Mashine ya mipigo minne ya farasi 115, kilo 160 hadi 180, ikifungwa kwenye ukuta wenyewe, kwa hesabu yetu ya mwanzo inatoa kama 420, chini ya ile 560 ya kiwandani. Utapata nafasi ya kuweka betri na tangi bila kuzama. Ukuta uchongwe kwa mashine ya shafti ndefu zaidi, kimo cha inchi 25, karibu sentimita 64, ili wimbi la nyuma lisipande kirahisi, na mbele yake kuwe na beseni la kunasa maji na kuyarudisha nje. Kama jaribio la mchanga litakushawishi ubaki na breketi, basi iwe ile ya kisanduku kilichozibwa, chenye kuelea chenyewe, si fremu ya vyuma vitupu.

Kimo cha kufunga: lile bamba pana lililo juu ya propela lianze usawa wa chini ya boti. Kwenye breketi maji huinuka nyuma ya tezi, kwa hiyo mashine hupandishwa inchi moja kwa kila inchi 8 hadi 12 za umbali. Kwa sentimita zako 75 ni sentimita 6 hadi 9. Nahisi hili pia halikufanywa, na mguu ulikuwa unaburuzwa ndani sana.

Propela ndiyo itakayoamua mashine mpya iishi miaka mingapi. Ikishindwa kufika mizunguko inayotakiwa na mtengenezaji, tuseme 5000 hadi 6000 kwa dakika, inakuwa kama mtu anayepanda mlima na gunia, na nadhani hivyo ndivyo ya zamani ilivyokufa. Kila inchi moja ya pichi, yaani umbali ambao propela ingesonga mbele kwa mzunguko mmoja, hubadilisha mizunguko 150 hadi 200. Siku ya majaribio, ukiwa na mzigo wako wa kawaida, sukuma mkono wa kasi mpaka mwisho, soma mizunguko, soma kasi kwenye GPS. Mfano: pichi inchi 17, gia 2 kwa 1, mizunguko 5500. Propela inazunguka mara 2750, kila mzunguko sentimita 43, hiyo ni kilomita 71 kwa saa kama maji yangekuwa sabuni ngumu. Ukisoma 60 hadi 64, upotevu ni asilimia 10 hadi 16, uko pazuri. Ukivuka 20, teremsha mashine tundu moja la bolti, karibu milimita 19, ujaribu tena kabla ya kununua propela nyingine.